Pikap za zamani na hizi mpya, kwa macho ya dereva wa viazi Mau Narok

Nianze na dizeli, juu ukiongea injini ya pikap bila kuongea dizeli unayoimwagia hujaongea kitu. Mimi ni dereva, nabeba viazi kutoka Mau Narok nashuka Njoro hadi soko la Wakulima Nakuru, na wiki zingine napitiliza mpaka Kibuye kule Kisumu, na magari si yangu, ni ya mama mmoja ambaye amelima viazi vya shangi tangu mimi nikiwa shule. Kwa hivyo nimeendesha chochote alichonunua. Nilianza na Peugeot 504 ya dizeli ikiwa tayari imezeeka, nikapewa Isuzu TFR ya injini 4JA1, nikakaa sana na Hilux singo kebini ya 2.8, ile ya injini 3L, na miaka ya karibuni niko kwa dabo kebini za kamon reli, zile ambazo kompyuta ndio inaongoza dizeli. Sina upande. Ninachotaka ni mtu akinunua pikap ajue anachonunua, sababu hizi stori za kijiweni ati za zamani zilikuwa chuma na za sasa ni plastiki zimefanya watu wapoteze pesa pande zote mbili.

Injini kama 3L ama 4JA1, pampu yake ni ya kimekanika. Inazungushwa na injini yenyewe, inasukuma dizeli kwa paipu nne za chuma, kila paipu na nozo yake, na nozo inafunguka ikisukumwa na presha ya ba (kipimo cha presha) mia moja na kitu kwa 3L, kwa 4JA1 juu kidogo ya hapo maanake yenyewe inapiga dizeli moja kwa moja ndani ya silinda. Hakuna kompyuta inaamua chochote. Umeme inayohitaji ikishawaka ni ule wa solenoidi moja ya pampu, swichi ya umeme inayofungulia dizeli, waya mmoja tu, ambao ukikatika gari inazima na ukiugusanisha tena na moto inaendelea na safari. Nimefanya hivyo usiku pale juu ya Njoro na tochi ya simu mdomoni na kipande cha waya nilichotoa kwa taa ya nyuma, na viazi vikafika soko kabla ya saa kumi na moja asubuhi.

Ikiingiza hewa kwa dizeli, labda umeishiwa ama filta imelegea, unafungua skrubu ndogo juu ya filta, unabonyeza ile pampu ya mkono iliyo hapo hapo juu, inatoka povu, unaendelea kubonyeza, povu linapungua, ikitoka dizeli safi bila mapovu unafunga. Halafu unalegeza nati za paipu kule kwa nozo, tanboi, yaani msaidizi wako, anapiga stata, unaona dizeli inaruka kidogo kidogo, unakaza moja moja na injini inaanza kushika silinda mbili, tatu, nne. Mikono inanuka siku nzima lakini umejitoa mwenyewe. Spana namba kumi na saba, kitambaa, basi.

Sasa kamon reli. Hapa pampu inajaza dizeli kwa reli moja, presha inafika ba 1,600, zingine 1,800, na hizi za juzi zinapita 2,000, kisha kompyuta ndio inaambia kila injekta ifungue lini na kwa muda gani, tena inafungua mara kadhaa kwa mpigo mmoja wa silinda ndio usisikie ule mlio wa ka-ka-ka wa zamani. Hii ni kazi safi sana kwa kweli. Lakini hebu fikiria presha kama hiyo inapita kwa matundu madogo hivyo, na vyuma vinavyosuguana ndani vina nafasi ya maikroni chache tu kati yao, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Si oili. Dizeli. Kwa hivyo dizeli ikiwa imechanganywa na mafuta taa, ambayo ni mepesi na hayana ule utelezi, pampu inakula chuma chake yenyewe, na zile chenga za chuma zinaenda kwa reli, zinaenda kwa injekta, zinarudi kwa tangi.

Na sisi tunajua mafuta taa yamechanganywa nchi hii miaka mingapi. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu hiyo hiyo, ati bei ya mafuta taa isiwe chini sana kuliko dizeli mpaka mtu aone faida ya kuchanganya. Ilisaidia kusema ukweli. Kabla ya hapo, kuanzia 2015, tulikuwa tumeanza kuletewa dizeli ya salfa kidogo, 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni nzuri kwa moshi na kwa injini mpya. Lakini kuna petroli steshoni na kuna mtu anauza kwa mtungi kando ya barabara, na kuna tangi la chini ya ardhi ambalo mvua ikinyesha linaingiza maji, na 3L ilikuwa inakunywa hizo zote. Inatoa moshi mweupe asubuhi, inatetemeka, inakasirika kidogo, halafu inaenda.

Dabo kebini yetu ya kwanza haikuenda. Tulikuwa tumetoka Nakuru na mzigo wa Kisumu, kabla ya Londiani kwa ile milima taa ya injini ikawaka rangi ya chungwa, nikasikia mguu hauna jibu, nakanyaga na gari inakataa kupita mzunguko wa elfu mbili. Hiyo ni kompyuta inajilinda, imeona presha ya reli haifiki inakotaka, inakunyima nguvu ndio usiue injini. Nikaegesha. Nikafungua boneti na nikaona plastiki. Hakuna cha kulegeza, na paipu za kamon reli huwezi kulegeza injini ikizunguka hata siku moja, presha hiyo inapenya ngozi ya mkono na kuingiza dizeli mwilini, watu wamekatwa vidole kwa hiyo, kijana yeyote anayejifunza ufundi naomba ashike hilo kabla ya mengine yote. Tukavutwa mpaka Nakuru. Fundi akaweka skana, kile kimashine cha kusoma kompyuta ya gari, akaona presha inayotakiwa na presha iliyoko haziko karibu, akafungua ile valvu ya kupima dizeli kwa pampu, akaigonga juu ya karatasi nyeupe.

Karatasi ikabaki na vumbi linalong'aa kama unga wa fedha. Fundi hakusema kitu, aliniangalia tu, kisha akasema, "Kijana, hii si injekta moja. Ni pampu, ni reli, ni zote nne, na tangi lazima lioshwe." Ilienda zaidi ya laki mbili, na hizo injekta zilikuwa za kurekebishwa, hazikuwa mpya. Viazi vilihamishiwa gari la kukodi na vingine vikaanza kuoza kwa sababu vilikuwa vimevunwa kwa mvua.

Mama alikuwa amekasirika na gari. Mimi sikuikasirikia gari. Ukiangalia vizuri, ile gari ilifanya kile iliundwa kufanya, na dizeli ndio haikuwa dizeli. Tangu hapo tumefanya vitu viwili, tunanunua kwa steshoni moja tu yenye magari mengi ya kampuni kwa sababu mafuta yake hayakai, na tumeongeza filta ya pili ya kutenganisha maji kabla ya ile iliyokuja na gari, bakuli lake ni la kuona ndani, na kila Jumapili nafungua skrubu ya chini natoa maji. Mara nyingi hakuna. Mvua ya Aprili ikikolea, unaona tone limekaa pale chini limejitenga na dizeli, jeupe, na unajua hilo lingekuwa limeenda wapi.

Lakini sasa nisije nikasikika kama wale wa "rudisheni za zamani". Mlima wa Mau Narok unaujua ukiwa na mzigo. Nakuru mjini uko kama mita 1,850 juu ya bahari, Mau Narok inapita 2,700, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa, inapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unayopanda juu ya usawa wa bahari kwa sababu hewa ni nyepesi. Sasa chukua 3L, ambayo hata kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 90 hivi na torki ya Nm 190 hivi, uipeleke huko juu, utakuwa umebaki na farasi sitini na kitu na tani ya viazi. Unapanda na gia ya pili. Trakta inakukaribia kwa kioo. Ukikosea kubadilisha gia pale kona, unaanza upya kutoka ya kwanza na moshi mweusi umejaza barabara mpaka watu wa shule wanashika pua.

Hizi mpya zina tabo yenye mabawa yanayojirekebisha, hewa nyepesi haiwasumbui sana. Hilux ya 2.4 ya kuanzia 2015, ile ya 2GD, injini ndogo kuliko 3L, inatoa farasi 150 na torki ya Nm 343 ama 400 kulingana na gia boksi. D-Max ya 4JJ1, lita tatu, nayo hivyo hivyo, inavuta kutoka chini kabisa. Unapanda Mau Narok na gia ya tatu ukiongea na simu ya mkononi kwa spika. Na kwa lita unaenda mbali zaidi, hilo halina mjadala, mama mwenye vitabu vya hesabu alikubali kabla yangu.

Tena za zamani zilikuwa na magonjwa yake ambayo watu wamesahau. 2L, ile ya 2.4 kabla ya 3L, ilijulikana kila mahali kwa silinda hedi kupasuka ikipata joto jingi, ukikosa maji ya rediata kidogo tu kwa mlima umeenda kununua hedi, na baadhi ya zile zilizokuwa zinauzwa kama eksi-Japan zilikuwa na nyufa tayari kati ya valvu. Timingi belti lazima uhesabu kilomita 100,000 ubadilishe, na kwa zile nyingi mita ya kilomita ilikuwa imekufa zamani kwa hivyo unahesabu kwa kubahatisha. Belti ikikatika valvu zinagonga pistoni. 4JJ1 na GD zina cheni, hiyo kazi umeondokewa nayo bora ubadilishe oili kwa wakati, na hapo ndio watu wanakosea, wanatumia ile akili ya zamani ya kuongeza oili juu ya oili nyeusi. Cheni inakazwa na presha ya oili. Oili chafu inaua kikazio cha cheni, inaua tabo pia, tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ya bei ya chini iliyofungwa kwa mtungi usio na jina ni sumu ya hizi gari.

Kuhusu bodi. Hapa ndio mabishano yanakuwa makali, kila mtu ana mjomba wake ambaye pikap yake iligongana na mti na mti ukaanguka. Wacha niseme nilichoona. Bati la zamani lilikuwa nene kiasi, ni kweli, na lilikuwa linanyooka. Fundi wa bodi anachukua nyundo na kibao cha chuma nyuma, anagonga taratibu, anapasha kidogo na gesi, anapaka pati, mlango unarudi. Lakini bati hilo lilikuwa linaoza vibaya sana. 504 yetu ilioza chini ya miguu ya dereva mpaka tukaweka kipande cha bati la mabati ya nyumba, mvua ikinyesha maji yanaruka kwa suruali. Pikap nyingi za miaka ya themanini kuoza zilianzia pale nyuma ya kebini ambapo matope yanakaa kati ya kebini na bodi na hayakauki.

Hizi mpya bati ni jembamba, ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitikia, lakini chuma cha nguzo za kebini na chesisi ni aina ngumu zaidi, na bodi nyingi zimepakwa zinki, haziozi haraka. Shida inakuja kwa ukarabati. Hicho chuma kigumu ukikipasha moto wa gesi kama ulivyozoea, kinapoteza ugumu wake, kinakuwa chuma cha kawaida tena chembamba, kwa hivyo gari iliyopata ajali ikanyooshwa na gesi kando ya barabara inaonekana sawa na haiko sawa. Ndio maana nikienda kuangalia pikap ya kuuzwa siangalii rangi kwanza, nalala chini. Naangalia chesisi pale nyuma ya kebini na pale ambapo springi za nyuma zimeshikiliwa, nagonga na spana nasikiliza, naangalia welding. Pikap ya jirani yetu ilipinda hapo hapo nyuma ya kebini, unaona kwa mbali bodi na kebini hazilingani, zimeachana juu na kukaribiana chini, na haikugongwa na kitu, ni magunia tu. Wakati ule wa mukorino, zile gunia za kuongezewa kichwa, ulikuwa unaambiwa gunia ishirini na hujui umebeba tani ngapi. Sheria ya viazi ya 2019 ilisema gunia ni kilo 50 na kama ingefuatwa kila mahali chesisi nyingi zingekuwa nzima leo, na migongo ya vijana wanaopakia pia.

Na hapo ndio nina lalamiko langu kubwa na za sasa, wala si injini. Ni umbo. Singo kebini ya zamani ilikuwa na kitanda kirefu, zaidi ya mita mbili, kimo chake cha chini, mzee wa miaka sitini anaweza kuegemea na kutoa gunia. Pande zake nje zilikuwa na vyuma vya kufungia kamba kuanzia mbele hadi nyuma. Dabo kebini ya leo kitanda ni kama mita moja na nusu, kimeinuliwa juu, kuta ni ndefu, vishikio vya kamba ni vinne ndani, na umelipia viti vya ngozi na skrini. Mzigo unaoruhusiwa ni ule ule, karibu tani moja, lakini utauweka wapi? Unaurundika juu, na mzigo ukiwa juu gari inalala kwa kona. Singo kebini bado zinatengenezwa, D-Max na Hilux zote zipo, na kwa kazi ya shamba mimi ningechagua hiyo bila kufikiria, ila mwenye gari anataka kwenda nayo kanisani pia na watoto, naelewa.

Miguu ya mbele nayo imebadilika. Hilux za zamani za foo wili, mpaka ile ya miaka ya tisini, mbele kulikuwa na aksli nzima ya chuma na springi za majani kama nyuma, unashuka unafunga fri wili kwa mkono pale kwa gurudumu, kisha unaingia matope. Inarusha tumbo lako lakini hakuna cha kuharibika. Siku hizi kila gurudumu la mbele linajitegemea, koili springi, bushi, bolijointi, shafti zenye buti za raba. Buti ikipasuka na ukaacha, matope yanaingia, shafti imeisha. Barabara ya ndani ya mashamba ya Mau Narok wakati wa mvua inakula hizo bushi, lazima uzikague, na usipofanya hivyo tairi zinaanza kuliwa upande mmoja. Lakini unaendesha siku nzima na jioni mgongo uko sawa. Nilipokuwa kijana nilikuwa nacheka wazee wakisema mgongo.

Breki ndio mahali sitabishana na mtu yeyote. Barabara ya kutoka Mau Summit kushuka Salgaa mpaka Nakuru, na ile ya Londiani Junction ambapo watu zaidi ya 50 walifariki Juni 2023 lori liliposhindwa kusimama, ukipita hapo na mzigo unajua breki ni nini. Zile za zamani hazikuwa na ABS, ile inayozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki. Nyuma kulikuwa na valvu ya kupima mzigo, ina mkono wa chuma uliounganishwa na aksli, gari ikiwa tupu inapunguza breki ya nyuma ndio isiteleze, ikijaa inaongeza. Mafundi wengi waliikata ama wakaifunga na waya kwa sababu ilikuwa inavuja, na gari ikabaki inateleza nyuma kila ukikanyaga kwa mvua bila mzigo. Nilizunguka na 504 mara moja karibu na Mau Summit kwa mvua ya mawe, nikajikuta naangalia nilikotoka, na Mungu tu ndiye aliyefanya barabara iwe tupu. Hizi mpya nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote kwa lami yenye maji ng'ombe akiwa katikati, pedali ikatetemeka chini ya mguu, usukani ukaendelea kunisikia, nikampita ng'ombe. Kuna ea begi, mikanda inayojivuta, kebini iliyoundwa ibaki nzima mbele ikijikunja. Kwa za zamani kilichokuwa kinajikunja ni wewe. Nina watoto, kwa hivyo mtu akiniambia gari ya zamani ni salama zaidi kwa sababu ni nzito namwambia hapana, na hata uzito wenyewe si kweli, dabo kebini ya leo inafika karibu tani mbili tupu, ile singo kebini ilikuwa mbali chini ya hapo.

Kitu kingine ambacho watu wa mjini hawataki kuamini ni panya. Pikap inalala karibu na stoo ya viazi na mahindi, panya anaingia kwa joto la injini, anakula waya. Kwa 3L anakula nini? Waya ya alternata, unafunga na tepu. Kwa hizi mpya amekula waya ya sensa ya krenki na gari haiwaki kabisa, fundi wa kawaida anaangalia, lazima uite mwenye skana, na huyo wa kweli Nakuru ni wachache, wengine wana kimashine cha kusoma kodi za hitilafu tu, wanasoma kodi ya sensa wanakuuzia sensa, kumbe ni waya. Omba fundi apime waya kwanza kabla ya kununua chochote. Na usiruhusu kijana wa kuosha gari apige maji ya presha ndani ya boneti, hata akikuambia ataosha vizuri.

Kama unatafuta ya kuagiza nje, kumbuka sheria yetu hairuhusu gari iliyopita miaka minane, kwa hivyo zile injini za kimekanika nilizotaja huwezi kuziagiza tena, utazipata hapa hapa mikononi mwa watu. Na Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, ndio maana nyingi zilizotumika zilikuwa zinatoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza. Za Uingereza na za Japani angalia kama zina DPF, ile filta ya masizi kwa egzosi. Inataka dizeli ya salfa ndogo kuliko yetu na inataka mwendo mrefu wa haraka ndio ijichome masizi, sasa wewe unatoka shamba hadi soko na gia ya pili, itaziba tu. Ile iliyouzwa mpya hapa na wakala ama kuunganishwa hapa, kama D-Max inayounganishwa Nairobi, imewekwa kwa dizeli ya huku. Kabla ya kulipa, iwashe ikiwa baridi kabisa asubuhi, usikubali kuikuta imepashwa, halafu mwenye skana asome marekebisho ya kila injekta ikiwa inanguruma polepole. Injekta moja ikiwa mbali na wenzake, hiyo ni pesa, toa kwa bei.

Sasa hivi mama ana tatu. 3L bado iko, inafanya kazi ya ndani ya shamba na kuleta magunia barabarani, haitoki Mau Narok isipokuwa kwa dharura, na kijana wake anayeiendesha nimemfundisha kuangalia maji ya rediata kila asubuhi kabla hajagusa ufunguo. D-Max ndio inaenda Nakuru, na dabo kebini nyingine ya Kisumu. Anataka kuuza 3L mwaka huu kwa sababu kuna mtu wa Olenguruone anampigia simu kila wiki na bei yake ni nzuri ajabu kwa gari ya umri ule. Nimemwomba asubiri mpaka mvua ndefu iishe, sababu bado hatujapata cha kuingia kwa lile shamba la chini badala yake, na akiuza basi inayokuja iwe singo kebini, foo wili, bila DPF, na hela ya filta ya pili iwekwe kando siku hiyo hiyo ya kulipa. Amesema atafikiria.